Tundu la Sita

Mikumi
15 Agosti 1993

Dada Perpetua,

Shikamoo. Mama na nyonga yake wanaendeleaje? Na wewe na moshi wa jiko lako pale stesheni? Sisi huku hatujambo kabisa. Jenipher anakusalimu, na anauliza kama ule mche wa mlimao aliouacha nyuma ya nyumba umeshika au mmeuachia mbuzi.

Sasa nikupe habari, na nakuomba usipige kelele kabla hujamaliza kusoma. Nimenunua bastola.

Wewe mwenyewe unaona, tangu biashara ilegezwe, magari ya Zambia hayakatiki hapa barabarani. Duka limechangamka, na wezi nao wamechangamka. Juzi juzi walimvamia jirani yangu Urbanus mchana kweupe, wakamkata panga la bega. Nikasema hapana, zamu yangu isinikute mikono mitupu. Nimezungushwa ofisi hii na ofisi ile mpaka soli za viatu zimekwisha, lakini leseni nimeipata.

Dukani Dar es Salaam mzee mmoja alinitolea tatu nichague. Ya kwanza ilikuwa ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, nyeusi tii. Niliposhika nikaona hii itanizidi akili. Ya pili ukigusa tu imelia, nayo nikairudisha. Ya tatu ilikuwa kuukuu kidogo, mpini wa mti, na nyundo yake lazima uivute nyuma kwa dole gumba kila unapotaka kupiga. Unakoki, unapiga. Ukitaka tena, unakoki tena. Mzee akaniambia hiyo ni ya watu wasio na haraka. Nikaipenda pale pale, maana Dada, mimi sitaki kuua mtu. Nataka nipate nafasi ya kufikiri.

Na utamu wake hasa ni huu: ina silinda mbili. Silinda ni lile dude la katikati linalozunguka, lenye matundu sita ya risasi. Unachomoa pini moja tu, unatoa hii, unaweka ile. Moja inakula risasi fupi, za bei nafuu, za kutungulia makopo. Nyingine inakula ndefu, zenye nguvu, za kazi. Jumapili tukitoka misa tunakwenda mimi na Jenipher kwenye korongo moja mbali na hifadhi, na makopo yetu ya maziwa. Naikoki taratibu, inatoa mlio kama saa ya ukutani ikitiwa ufunguo, napiga, kopo linaruka. Sijafurahi hivi tangu enzi za manati. Na usimwambie mtu, lakini mke wangu ananishinda shabaha.

Wala usiogope. Yule mzee aliniapisha jambo moja. Bastola hii ni ya mtindo wa zamani, nyundo ikilala inagusa kitako cha risasi iliyo mbele yake. Ikianguka vibaya inalia yenyewe. Kwa hiyo unajaza risasi tano tu, na lile tundu la sita, linalokaa kwenye nyundo, unaliacha tupu. Daima. Mimi silali kabla sijahakikisha.

Tutakuja mwezi wa kumi, mavuno ya duka yakiruhusu. Nitakuja nayo muione.

Mdogo wako,
Donati


Kilosa, Magomeni
3 Septemba 1993

Mdogo wangu Donati,

Marahaba. Sisi ni wazima, Mama anatembea mpaka kisimani na fimbo yake na kurudi akigomba njia nzima, kwa hiyo ujue amepona. Mlimao umeshika. Mbuzi nimemfunga.

Loh! Yaani wewe, mtoto aliyekuwa akikimbia jogoo, leo una bastola kiunoni! Nimecheka mpaka wateja wameniuliza kulikoni. Haya bwana, mwenye duka. Ila kichwa chako nakifahamu, ukipenda kitu unakipenda kupita kiasi, baiskeli uliipaka mafuta mpaka ikawa inateleza yenyewe. Uwe na akili.

Barua nilimsomea Mama. Wezi aliwalaani vizuri, bega la Urbanus alilililia. Ulipofika kwenye masilinda yako na manyundo, nikamwona anasinzia, nikaruka nikaenda kwenye salamu. Alichouliza ni kimoja tu: Jenipher anakula? Hakuulizii wewe aliyekuzaa, anamuulizia Jenipher. Lakini simlaumu. Mwaka ule alipovunjika nyonga, huyo msichana wa Kisukuma aliyekuwa hata hajamaliza wiki mbili ndani ya ndoa ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka chooni, asubuhi na jioni, mpaka aliposimama. Mama husema Mungu alimkosea akampa binti mmoja, kisha akajirekebisha.

Njooni. Nitachinja yule jogoo uliyekuwa ukimkimbia, au mjukuu wake.

Dada yako,
Perpetua


Kilosa, Magomeni
18 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Nakuandikia vumbi la basi lenu halijatulia. Natumaini mmefika salama na Jenipher hakutapika kwenye zile kona. Hapa nyumba imepooza, hata sufuria zinaonekana kubwa.

Mama amekuwa hashikiki! Ameshapita nyumba tatu kusimulia alivyotungua kopo la samli kule shambani Mkondoa. Kila akisimulia, kopo linasogea mbali. Mimi niliyekuwepo nakumbuka ulimsimamisha karibu kiasi cha kulipiga teke, na bado alikosa mara mbili. Lakini nakiri, nilipomwona bibi yule na fimbo yake amefungua kile kidirisha cha pembeni mwa bastola, anazungusha silinda kwa kidole, anatia zile risasi fupi moja moja kama anachambua mchele, nilisikia raha moyoni. Tangu Baba afe sijamwona akicheka namna ile, mpaka kilemba kikamdondoka. Na Jenipher naye, "Mama, fumba jicho hilo, si hilo!" Mungu awape maisha marefu.

Nimependa pia adabu yako. Mama aliposema silaha hailali chumba kimoja na mke wa mtu, hukubisha. Ulibadilisha silinda, ukaweka ile ya safari, ya risasi ndefu, ukamkabidhi mkanda mzima, bastola na risasi zake, akaufungia sandukuni kwake. Na leo alfajiri alipokurudishia umefungwa kwenye kanga yake, uliupokea kwa mikono miwili ukaufunga kiunoni bila hata kuuangalia. Mama ameliona hilo. Amesema, "Mwanangu hanikagui."

Jenipher aambiwe kikapu chake kilichokuja na vitunguu nimekisikia kizito kwa mchele na mbaazi. Unamjua Mama, chombo hakitoki kwake na nafasi. Angeweza kuwajazia hata mifuko ya suruali.

Andikeni mkifika.

Dada yako,
Perpetua


Kilosa, Magomeni
9 Novemba 1993

Donati,

Sina salamu za kukupa. Nakuandikia kwa anwani ya Urbanus, labda atakufikishia huko walikokuweka.

Tumerudi juzi kutoka Msowero, matanga yamekwisha. Tumemzika Jenipher kwao, kama baba yake, Mzee Luhaga, alivyotaka, pembeni ya zizi. Ng'ombe walikuwa wakilia muda wote wa sala. Mimi nilimvalisha. Tundu lenyewe dogo, Donati, hapa chini ya shingo, kidole changu kingeliziba. Nilikuwa namwambia amka mdogo wangu, amka, mpaka mama yake akanishika mikono.

Mzee Luhaga hakupiga kelele. Aliniuliza mimi jambo moja tu, kama mlikuwa mmegombana. Nikamwapia kwamba hamjagombana hata siku moja. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Lakini Mama. Mama amekataa. Hataki jina lako litajwe. Anasema alikukabidhi silaha nzima, imefungwa vizuri, na wewe ukaiachia ianguke kama mlevi na kumwua binti yake. Neno lake ni "binti yangu". Nikisema "Donati naye amefiwa" ananyanyuka anaondoka.

Niandikie. Niambie mwenyewe ilikuwaje, maana kila mtu ana yake na mimi nimechoka kusikia.

Perpetua


Mikumi
26 Novemba 1993

Dada,

Shikamoo. Urbanus ameniwekea dhamana, nimetoka wiki iliyopita. Nalala dukani. Nyumbani siwezi, kanga zake ziko kwenye kamba vile vile.

Ilikuwa hivi. Tulishuka kwenye basi, tukafika mlangoni. Mkanda ulikuwa umenibana njia nzima, nikaufungua nje pale pale ili niuingize ndani na kuufungia. Jenipher alikuwa ameinama kwenye ngazi, anatoa mbaazi za Mama zilizomwagika kikapuni. Anacheka. Alisema, "Mama ametujazia mpaka tunaaibika." Bastola ikachomoka kwenye mfuko wa mkanda, ikaangukia kisogo, upande wa nyundo, kwenye saruji. Ikalia mara moja. Jenipher akakaa chini kama mtu aliyechoka. Nilidhani ameshtuka tu.

Polisi walipoifungua walikuta risasi tano nzima na ganda moja. Sita, Dada. Wakaniuliza, wewe si ulifundishwa usijaze sita? Nikasema nilijaza tano. Wakanionyesha sita.

Mimi najua nilijaza tano. Nilijaza hapo Magomeni, kitandani, nikahesabu, nikaiweka nyundo kwenye tundu tupu kama kila siku. Namwona Jenipher amekaa ananiangalia anasema "umeshahesabu, mpelekee Mama". Lakini sita ni sita. Kwa hiyo sasa nakaa hapa kwenye magunia nasema labda sikuhesabu. Labda nilikuwa nazungumza. Labda ndivyo mtu anavyorukwa na akili, anaua mke wake kisha anajiapia kwamba hakukosea. Silali. Na kwa nini nilibadilisha silinda? Ningeiacha ile ya risasi fupi, labda ingemjeruhi tu, leo ningekuwa namuuguza.

Mama ana haki. Mwache aseme. Ila nakuomba usichoke kunitaja mbele yake.

Mdogo wako,
Donati


Kilosa, Magomeni
12 Desemba 1993

Donati mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Ulijaza tano. Hukurukwa na akili. Hesabu yako ilikuwa sawasawa.

Jana tulikuwa uani tunachambua mboga. Nikajaribu tena, nikasema Mama, Donati anateseka. Akatupa kisu chini. Akasema, na namnukuu kama alivyosema: "Ateseke! Mimi nilimrudishia kitu kimekamilika. Hata lile tundu aliloliacha wazi nilimtilia risasi moja kutoka kwenye mkanda, nikasema mtoto wangu anapita njia ya majambazi, asitoke kwangu na pengo. Nilimfanyia yote hayo, naye kushika tu kumemshinda."

Kisha akaokota kisu akaendelea na mboga.

Jamani, Donati. Hajui. Mpaka sasa hajui! Anafikiri ulisahau, akakusaidia, kama anavyonijazia mimi chupa ya mafuta kila nikiirudisha. Ni mimi niliyeruka yale mambo ya nyundo nikimsomea barua yako. Ni wewe uliyemfundisha kutia risasi. Sisi sote tumo.

Nimeshafikiri. Nitamweleza taratibu, kisha nitakuja na yeye Morogoro kwa wakili wako. Akisema mahakamani alichoniambia mimi, kosa si lako. Utatoka. Na yeye ataacha kukulaani. Niambie tu nimwambie lini.

Dada yako,
Perpetua


Mikumi
20 Desemba 1993

Dada Perpetua,

Shikamoo, na pole kwa kubeba jambo hilo peke yako.

Niliisoma barua yako nikacheka. Urbanus alikuja mbio akidhani nimepata kichaa. Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilijua kwamba bado mimi ni mtu anayeweza kuhesabu mpaka tano. Kisha nikaelewa umeniambia nini, nikalia mpaka nikatapika.

Sikiliza sasa. Hutamwambia.

Utamwelezaje taratibu? Utaanzia wapi? Utamwambia, "Yule uliyekuwa ukipanda mgongoni mwake kwenda chooni, wewe ndiye uliyeitia risasi iliyomwua"? Kwa vidole hivyo hivyo, kwa kumtakia mwanao mema? Kisha aende akasimame mbele ya watu na fimbo yake, aulizwe maswali na vijana wa suti? Mama hatatoka kwenye ukumbi ule, Dada. Atatembea, lakini hatakuwa ametoka.

Na usiniambie sina kosa. Nilimfundisha kujaza, sikumfundisha kuacha. Nilikuwa na furaha mno ya kopo lake. Na asubuhi ile nilikuwa na nafasi ya kufungua na kuangalia. Mkono ulikwenda, nakumbuka, ulifika kwenye kifungo cha mfuko wa bastola. Nikaona Mama ananitazama. Nikaona nikiangalia ni kama namwambia simwamini. Yule mzee wa dukani angeangalia hata kama angepewa na malaika. Mimi sikuangalia.

Mahakamani nitasema nilijaza sita kwa haraka. Wewe njoo kama shahidi wa tabia yangu, ukitaka, lakini Mama asije, na asisikie habari ya tano na sita kwa mtu yeyote. Mwambie tu niliangusha. Huo si uongo.

Niapie. Kwa kaburi la Baba, niapie.

Mdogo wako,
Donati


Kilosa, Magomeni
2 Januari 1994

Donati,

Nimekuapia. Na sijawahi kumchukia mtu ninayempenda kama ninavyokuchukia leo.

Anakusema vibaya mbele ya wageni, na mimi nipo nawamiminia chai. Jana alimwambia padri kwamba ana mtoto mmoja tu aliyebaki, ni mimi. Nilitoka nje nikajiuma mkono. Alama bado ipo. Unaniomba nikae hivi mpaka lini? Wewe utafungwa na kuta. Mimi nitafungwa na yeye, mezani, kila siku ya Mungu.

Lakini nimeapa. Siku ya kesi nitakuja peke yangu. Nitamwambia Mama nakwenda kununua mchele.

Perpetua


Kilosa, Magomeni
4 Desemba 1994

Mdogo wangu Donati,

Natumaini afya yako ni njema huko gerezani, na kile kifua kilichokubana siku ya kesi kimepoa. Najua barua za huko husomwa na wengine kabla yako, kwa hiyo nitaandika ya nyumbani tu. Tangu siku ile ulipohukumiwa sijakuandikia. Nilikuona ukisimama na kusema "ni kweli, nilijaza mwenyewe", nikatoka, nikapanda basi, na kila nikishika kalamu mkono ulikataa. Nisamehe.

Mama hanyanyuki tena kitandani. Ni mwezi sasa. Mganga wa hospitali amesema ni moyo na umri, tumpe anachopenda. Hali kitu zaidi ya uji.

Jumapili Mzee Luhaga alikuja kutoka Msowero na mtungi wa maziwa. Alikaa na Mama muda mrefu, sikusikia walichozungumza. Alipoondoka Mama akaniita, akaniambia lete karatasi, mwandikie ndugu yako. Akasema niandike kama anavyosema, nisiongeze na nisipunguze. Basi ni haya:

"Donati mwanangu. Mimi mama yako Hildegarda nimechoka kukasirika. Luhaga amekusamehe, na mimi ni nani nisikusamehe. Mkono unaweza kumteleza mtu yeyote. Nimekusamehe kwa kumwua Jenipher. Nakwenda kwake, na nitamwambia naye akusamehe. Mimi kwa upande wangu moyo wangu ni mweupe, maana nilikutoa nyumbani kwangu ukiwa umekamilika, hukukosa kitu. Basi nijibu upesi, nisikie kwa masikio yangu kwamba umepokea msamaha wangu, nipate kulala."

Nimeandika neno kwa neno. Nimeandika nikiwa nimegeukia ukuta. Jibu atasomewa na mimi, kwa hiyo andika ninachoweza kusoma kwa sauti.

Dada yako,
Perpetua


Gerezani
11 Desemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama.

Dada anakusomea hii polepole, na kama umechoka mwambie apumzike kisha aendelee. Mimi ni mzima. Kifua kimepoa, nafanya kazi bustanini, na chakula tunapata. Usiwe na hofu yoyote juu yangu.

Nimepokea msamaha wako, Mama. Nimeupokea kwa mikono miwili. Asante kwa kunisamehe. Nilikuwa nauhitaji sana, na sasa nitalala vizuri, na wewe lala vizuri.

Ni kweli, Mama. Ulinitoa nyumbani kwako nikiwa nimekamilika. Sikukosa kitu.

Ukimwona Jenipher, nisalimie.

Mwanao,
Donati